Roboti Haina Utingo

Uliza katika gereji yoyote ya Ilembo, hapa Mpanda, ni gari gani lifungwe kompyuta na kamera ili liende lenyewe, bila dereva, kutoka Mpanda mjini hadi Karema ziwani. Hutangoja jibu. Fundi atakujibu kichwa kikiwa bado ndani ya boneti: mkonga. Land Cruiser ya pikapu, ile yenye bomba la hewa lililopanda ubavuni mwa kioo cha mbele, yenye injini ya dizeli ya lita 4.2 isiyojua kompyuta ni kitu gani. Ndiyo inayopeleka chanjo, ndiyo inayobeba askari wa hifadhi, ndiyo inayofuata mgonjwa kijijini mvua ikiwa imekata barabara. Sasa kama inafika kila mahali ikiwa na dereva, kwa nini isifike bila dereva?

Swali hilo linaonekana kujijibu lenyewe, na ndiyo maana halijawahi kujibiwa. Wanaliuliza mafundi, wanaliuliza vijana waliotoka vyuoni na michoro yao, wanaliuliza watu wa miradi ambao hata hivyo hupanda mkonga wenyewe kila wanapotoka mjini. Wote wamekubaliana kwamba kwa safari ndefu ya porini unaanza na gari lenye nguvu kuliko yote unayoweza kuyalipia, halafu unaliongezea akili. Mimi nasema hesabu hiyo imeanzia mwisho. Gari la kugeuzwa roboti huchaguliwa kwanza kwa utiifu wake, pili kwa wepesi wake, na nguvu huja nyuma sana. Kwa kipimo hicho mkonga unashindwa na gari ambalo Mpanda nzima inalidharau, yaani kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo.

Cheka kwanza, halafu tuendelee.

Kazi yenyewe si ya kwenye filamu. Barabara ya Tabora kupitia Koga ina lami, na huko roboti ya porini haina shughuli, basi linatosha. Tunazungumzia njia za vumbi zinazoachana na barabara kuu: za kuelekea milima ya Mwese, makazi ya Mishamo, misitu ya asali ya Inyonga, vijiji vya mwambao wa Ziwa Tanganyika. Mzigo ni dawa za zahanati, sampuli za maabara, vipuri vya pampu ya kisima. Kilo mia moja, labda mia mbili. Safari inazidi kilomita mia kwenda, na mia nyingine kurudi. Mwendo hauna haja ya kuvuka kilomita 30 kwa saa, kwa sababu mzigo haulalamiki na hakuna abiria anayetazama saa. Ukiipanga kazi hivyo mezani, nguvu ya farasi mia na ushei inaanza kukosa mahali pa kukaa.

Lakini najua sifa ya mkonga haikutokana na karatasi. Imetoka kwenye tope. Basi tuifuate huko huko.

Ni nani hasa huutoa mkonga kwenye udongo mweusi wa mbuga mwezi Februari? Dereva anafika kwenye maji, anasimama. Anashuka. Anatafuta alama za tairi za bodaboda upande wa pili ili ajue wenzake walipita wapi. Anachomeka fimbo kupima kina. Anamuuliza mchungaji aliyekaa kwenye kichuguu, na mchungaji anamwambia pita kushoto, katikati kuna shimo. Anarudi, anaweka gia ya chini, anaingia polepole. Akikwama, utingo amekwisha kuruka na jembe kabla hajaambiwa. Matawi yanakatwa, jeki inawekwa juu ya ubao, wanakijiji wanakuja kusukuma na malipo yanajadiliwa baadaye. Baada ya saa mbili gari limetoka, na sifa zote anapewa Mjapani aliyelitengeneza.

Mkonga haujawahi kufika popote peke yake. Umefika ukiwa na watu wawili wenye macho na mikono, na kijiji kizima cha akiba. Ukimwondoa dereva na utingo hujabaki na gari lile lile lililopungukiwa watu wawili. Umebaki na chuma cha tani mbili na ushei ambacho hakijui kushuka, hakijui kuuliza, na hakiwezi kushika jembe. Nguvu, kwa dereva mzoefu, ni akiba ya kumtoa kwenye kosa. Kwa roboti isiyojua kwamba imekosea, nguvu ni ya kuendeleza kosa. Magurudumu yatazunguka, yatachimba, yatachimba zaidi, mpaka difu ilale kwenye udongo. Gari dhaifu lingezima mapema na kubaki juu.

Hili si la kubuni. Lilitokea mbele ya kamera. Tarehe 13 Machi 2004 wakala wa utafiti wa jeshi la Marekani, DARPA, aliandaa mashindano ya magari yasiyo na dereva katika jangwa la Mojave. Njia ilikuwa ya kilomita 240 hivi, zawadi dola milioni moja. Yalianza magari 15. Aliyepewa nafasi kubwa alikuwa Sandstorm wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, aliyejengwa juu ya Humvee ya kijeshi. Huwezi kupata mkonga kuliko huo. Sandstorm alikwenda mbali kuliko wenzake wote, na umbali huo ulikuwa kilomita 11.78. Kwenye kona kali alitoka njiani, tumbo likakaa juu ya tuta, magurudumu yakaendelea kuzunguka hewani na mchangani mpaka mpira ukafuka moshi. Nguvu ilikuwepo tele. Kilichokosekana ni mtu wa kusema, simama, tumekwama.

Mwaka uliofuata, tarehe 8 Oktoba 2005, mashindano yakarudiwa kwenye njia ya kilomita 212, na zawadi ikawa dola milioni mbili. Magari 23 yaliingia fainali, na yote isipokuwa moja yakavuka ile rekodi ya kilomita 11.78. Magari matano yakamaliza njia yote. Katika miezi 19 hakuna aliyekuwa amevumbua tairi jipya wala difu mpya. Humvee ilikuwa Humvee ile ile. Kilichobadilika ni programu. Ninaomba wanaonibishia watulie hapa kidogo, maana wakishakubali hili, ubishi wa gari gani lina nguvu zaidi unabaki kuwa wa kupitishia jioni.

Mshindi alikuwa Stanley wa Chuo Kikuu cha Stanford, kikosi cha Sebastian Thrun, kwa saa 6 na dakika 54. Stanley alikuwa Volkswagen Touareg ya dizeli, gari la kupeleka watoto shule kwa watu wenye uwezo. Walimwongezea bamba za chuma chini ya tumbo na bampa imara mbele, basi. Walichokitaka kwake hakikuwa misuli. Touareg ilikuwa tayari na mafuta na breki zinazoendeshwa kwa umeme, na mtandao wa ndani uliokuwa ukitangaza kasi ya kila gurudumu na pembe ya usukani. Kompyuta ikapachikwa hapo ikaanza kuamuru. Usukani ulifungiwa mota moja kwenye mhimili wake, na mkono wa gia ukapewa kifaa cha kuusukuma mbele na nyuma. Kazi ya kulifanya gari litii iliisha mapema, na muda uliobaki ukaenda kwenye kuifundisha kompyuta kuona njia.

Utaniambia kwamba wa pili na wa tatu walikuwa magari ya Carnegie Mellon, Humvee na Hummer. Kweli kabisa: saa 7 na dakika 5, na saa 7 na dakika 14. Sijasema gari kubwa haliwezi. Nimesema ukubwa hauleti ushindi. Tena wa nne alikuwa nani? Ford Escape, gari dogo la familia lenye injini ya petroli na mota ya umeme, lililoletwa na watu wa kampuni ya bima ya Louisiana, likafika kwa saa 7 na nusu. Na wa tano, lori la Oshkosh la magurudumu sita lenye uzito wa zaidi ya tani 13, alifika kwa saa 12 na dakika 51 wakati kikomo kilikuwa saa 10. Ukiipanga orodha hiyo kwa uzito haipatani na orodha ya ushindi.

Mojave ni mbali, utasema, na huko hakuna masika. Basi turudi Karema.

Mwaka 1879 Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji alikuwa na tatizo letu lile lile. Watu wake walikuwa wanafungua kituo Karema, na mzigo ulipaswa kutoka pwani. Ng'ombe, punda na farasi walikuwa wakifa kwa mbung'o. Wapagazi walikuwa ghali, walidai ujira wao na wakati mwingine walitua mizigo wakaenda zao. Mfalme akashauriwa kama anavyoshauriwa leo kijana wa Ilembo: tafuta kinachobeba zaidi na kisichozuiwa na pori. Wakaletwa tembo wanne waliofunzwa kutoka India, pamoja na waongozaji wao, chini ya mtu aitwaye Carter. Walishushwa Msasani, wakaanza safari ya kuelekea bara.

Hesabu yake ilikuwa nzuri sana. Tembo anabeba mzigo wa wapagazi wengi kwa mpigo, anakula majani ya njiani, anavuka mto, na kila mwenyeji atamkimbia. Baadhi ya tembo hao walikufia njiani. Carter mwenyewe na mwenzake Cadenhead waliuawa Mpimbwe mwaka 1880, katika vita ambavyo tembo hawakuvianzisha wala kuvizuia. Mizigo ya Karema ikaendelea kufika kama ilivyokuwa ikifika kabla ya hapo, vichwani mwa Wanyamwezi, kilo 30 hivi kwa kila mtu. Mpagazi mmoja akiugua, msafara unapungukiwa kilo 30. Tembo mmoja akifa, robo ya mpango mzima imelala njiani na hakuna wa kuiinua.

Sina haja ya kuongeza chumvi kwenye habari hiyo. Mtu mwenye bajeti ya kununua mkonga mmoja na kuufunga vifaa ana nafasi moja ya kujaribu. Ukizama kwenye mto Katuma, mradi umezama Katuma. Kwa bei ya mkonga huo mmoja unapata kirikuu kadhaa, ukaharibu ya kwanza ukijifunza, ukang'oa spea zake kuiponya ya pili, na ya tatu ikaenda kazini. Kazi ya roboti ni ya kujaribu na kuharibu. Anayekuambia ataipata mara ya kwanza hajawahi hata kufunga redio kwenye gari.

Sasa kirikuu yenyewe. Ninayoizungumzia ni Suzuki Carry na ndugu zake, magari madogo ya mizigo yaliyobanwa na sheria ya Japani yasizidi urefu wa mita 3.40, upana wa mita 1.48 na injini ya sentimita za ujazo 660. Zinakuja kwetu zikiwa mitumba, zinajazwa magunia ya mahindi mpaka springi zinalala, na jioni zinarudi nyumbani zikiwa hai. Uzito wake mtupu ni kilo 700 hivi, zinazopanda kuelekea 800 kwa ile inayovuta kwa magurudumu manne. Ninaitaka hiyo ya magurudumu manne, na ninaitaka ya gia za otomatiki. Masharti hayo mawili siyaachii.

Kwa nini otomatiki? Kwa sababu ya klachi, na hapa ndipo mabwana wa mkonga huwa wananyamaza. Mkonga wa dizeli ya zamani, ule wanaousifu kwa kutokuwa na kompyuta, una klachi ya mguu na gia tano za mkono, na mkono mwingine wa gia ya chini. Kuufanya utii unahitaji kifaa cha kubonyeza klachi, kingine cha kusogeza gia pande zote, kingine cha mafuta, kingine cha breki, na mota ya usukani. Kila kimoja kinatengenezwa kwa mkono, kina nyaya zake, kina siku yake ya kukatika. Halafu vyote vipatane: klachi iachiwe taratibu wakati mafuta yanaongezwa, mlimani, mzigo ukiwa nyuma, bila injini kuzima wala gari kurudi. Binadamu hujifunza hilo kwa mguu. Kulifundisha chuma ni kazi ya miezi, na ukimaliza hujasogea hata hatua moja kwenye tatizo lenyewe, ambalo ni kuiona njia.

Kirikuu ya otomatiki inafuta nusu ya vifaa hivyo siku ya kwanza. Kizazi cha Carry kilichoanza mwaka 2013 kiliwekewa baadaye gia za aina ambayo klachi ipo lakini inabonyezwa na mtambo wenyewe kwa amri ya kompyuta. Suzuki wamekwisha kutufanyia kazi tuliyokuwa tunataka kuianza. Na zile zenye usukani wa umeme zina mota ya kugeuza mhimili tangu kiwandani. Sifa ya gari lisilo na kompyuta ni sifa ya kweli kwa fundi mwenye spana porini. Kwa mtu anayetaka kompyuta iliendeshe, ni kama kumsifu mkalimani kwa kuwa hajui lugha yoyote.

Kuna jambo jingine ambalo halitajwi gereji: kugeuka. Mti umeanguka njiani, roboti imesimama mbele yake. Dereva angeshuka na panga. Roboti inachoweza ni kurudi na kutafuta njia nyingine, na njia ya miombo ni nyembamba. Kirikuu inageuka kwenye nusu kipenyo cha mita 3.6, mkonga unataka karibu mara mbili ya hapo, na ni mpana kwa karibu sentimita 30 zaidi. Ziweke sentimita hizo kwenye daraja la magogo, uone zinavyokuwa nyingi.

Na kuna usalama. Njia hizi si tupu. Zina ng'ombe wa Wasukuma, baiskeli zenye mkaa, watoto wanaotoka shule. Breki nzuri husimamisha gari kubwa na dogo kwa umbali unaokaribiana. Tofauti inaonekana siku breki au kamera inaposhindwa. Kwa mwendo ule ule, mkonga wenye mzigo unagonga kwa nguvu mara tatu au zaidi ya kirikuu. Sijui mhandisi gani atakwenda kumweleza mwenyekiti wa kijiji kwamba alichagua chuma kizito zaidi kwa majaribio yake ya kwanza kwa kuwa kilikuwa na heshima barabarani.

Tena kirikuu ikizama, wanaume wanane wanainyanyua. Sitanii. Tumeiona ikinyanyuliwa sokoni ikiwa imezibwa na magari mengine. Roboti haina utingo, lakini ikiwa nyepesi kila mpita njia anaweza kuwa utingo wake. Mkonga uliozama unasubiri trekta.

Hoja kali dhidi yangu ipo, na cha ajabu wapinzani wangu hawaitumii. Wao hung'ang'ania nguvu. Nitawasaidia. Malori ya Fuso na Scania yakipita wakati wa mvua huchimba mifereji miwili, na katikati hubaki tuta. Kiangazi mifereji hiyo hukauka ikawa migumu kama saruji. Mkonga una nafasi ya kutosha chini ya tumbo na magurudumu yake yanakaribia kuienea mifereji yote miwili. Kirikuu haienei. Gurudumu moja litakaa mferejini, jingine juu ya tuta, gari linakwenda limeinama upande. Na magurudumu yake ya inchi 12 yanaingia kwenye shimo ambalo la mkonga lingelivuka. Huo ndio udhaifu wenyewe, na kuiinua springi na kuiwekea tairi kubwa kidogo kunaupunguza tu, hakuumalizi.

Jibu langu ni kutazama nani mwingine asiyeingia kwenye mifereji hiyo. Bodaboda. Pembeni mwa kila njia mbovu ya Katavi kuna njia ya pili, nyembamba, laini, iliyopigwa na pikipiki na baiskeli, inayokwepa kila shimo ambalo lori limelitengeneza. Mkonga hauingii huko. Kirikuu, kwa upana wake, inaingia sehemu nyingi kwa gurudumu moja kwenye njia hiyo na jingine kwenye nyasi. Kuifundisha kompyuta kuitambua njia ya bodaboda na kuifuata ni kazi ya programu, na kwenye programu ndipo nilipotaka pesa iende tangu mwanzo. Palipo na maji makubwa, roboti isipite. Isimame, itoe taarifa, irudi. Kuanzia Novemba hadi Aprili kuna wiki ambazo hata mkonga wenye dereva hubaki mjini, na hakuna anayeuona huo kuwa ni woga.

Wazee wanaokumbuka Safari Rally wataelewa haraka kuliko vijana. Mashindano yale yalianza mwaka 1953, na kwa miaka mingi yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika, kwenye tope la wakati wa Pasaka. Mwaka 1963 na tena 1968 yalimaliza magari saba tu. Nani alishinda miaka hiyo miwili? Peugeot 404, gari la kawaida la familia, linalosukumwa na magurudumu ya nyuma. Bert Shankland, aliyekuwa akiishi Dar es Salaam, alishinda nalo mwaka 1966 na 1967. Mwaka 1965 Joginder Singh na ndugu yake Jaswant walishinda kwa Volvo PV544 iliyokwisha kutumika na wengine. Volkswagen ya mgongo wa kobe ilishinda zaidi ya mara moja. Katika orodha yote ya washindi hutaikuta Land Rover wala Land Cruiser. Mashindano yana masharti yake ya magari, najua, kwa hiyo sitadai orodha hiyo inathibitisha kila kitu. Lakini tope lilikuwa lile lile, na magari mepesi yenye vichwa vizuri nyuma ya usukani yalipita.

Kuna wanaonikubalia kuhusu mkonga halafu wanavuka mpaka upande wa pili: chukua toyo, wanasema, pikipiki ya matairi matatu, ni rahisi zaidi. Hapana. Matairi matatu kwenye njia iliyoinama ni mwaliko wa kupinduka, na roboti iliyopinduka imemaliza safari. Mojave mwaka 2004 pia ilikuwa na pikipiki, Ghostrider, kazi ya kijana Anthony Levandowski. Ilianguka pale pale mwanzoni kwa sababu mfumo wa kuisimamisha haukuwashwa. Leo ipo makumbusho ya Smithsonian, ambako inasimama vizuri.

Trekta? John Deere walionyesha trekta lisilo na dereva Januari 2022, na shambani linafaa. Kulipeleka Karema kwa mwendo wa trekta ni kulitafutia usiku wa njiani kati ya tembo na nyati. Droni? Mwaka 2018 droni zilivusha dawa kutoka bara hadi kisiwa cha Ukerewe, kilomita 60 kwa dakika 40 hivi, na kwa chupa ya damu au chanjo chache sina la kubisha. Ila droni ile ilibeba kilo chache. Pampu ya kisima hairuki.

Wa mwisho ni wale wanaotaka tujenge gari letu wenyewe tangu chasisi. Nawaheshimu, na nawaomba wasome habari za Mobius wa Nairobi. Kampuni ile ilianzishwa kwa wazo zuri kabisa: gari rahisi, imara, la njia mbovu za Afrika. Agosti 2024 ilitangaza kufunga, kabla ya kujitokeza mnunuzi. Ikiwa kutengeneza gari lenye dereva kumekuwa kugumu hivyo kwa kampuni iliyokuwa haina kazi nyingine, sisi tunaotaka kutengeneza kichwa cha gari tusijitwishe na mwili wake.

Zamani kulikuwa na sababu moja nzuri ya kutaka gari kubwa: umeme. Stanley alibeba kompyuta sita nyuma, na kompyuta za wakati ule zilikuwa na njaa. Leo ubao mmoja mdogo unaoweza kusoma kamera kadhaa kwa pamoja hauli umeme kuzidi jozi ya taa za mbele. Altaneta ya kirikuu inaumudu, hasa ukifunga betri ya pili. Mafuta nayo: tuseme vumbini inakwenda kilomita 10 kwa lita, tangi la lita 34 linafika Karema na kurudi. Vumbi ndilo nitakaloliogopa zaidi, kwa kuwa injini ipo chini ya kiti karibu na ardhi, na kisafisha hewa chake kitahitaji kupandishwa juu. Hapo ndipo ningeazima wazo la mkonga, lile bomba.

Mpanda ina chuo cha VETA, na SUA wana Kampasi ya Mizengo Pinda humu humu mkoani. Ninawaambia walioko huko na mafundi wa Ilembo watakaofunga vyuma: nunueni kirikuu ya otomatiki inayovuta magurudumu manne. Fungeni usukani, mafuta na breki, na kitufe chekundu cha kuizima kinachofikiwa kutoka nje. Mwekeni mtu ndani kiangazi chote, mguu wake karibu na breki, aandike kila mahali alipolazimika kuingilia. Pesa zitakazobaki zisiende kwenye rimu. Nunueni kamera, na mlipeni vizuri anayeandika programu. Mkonga uacheni ubebe wagonjwa.